Alama kwenye Kitako cha Bunduki

Nikisikia harufu ya mafuta ya kitani, hata kwenye karakana ya seremala, moyo unaniuma. Jamani, mafuta tu! Lakini ndiyo yaliyonukia sebuleni kwa Bwana Arthur, jirani yetu pale Lewisham, London, dereva wa basi mstaafu. Alikusanya bunduki za kijeshi za zamani, zile za kuvuta komeo kwa mkono kila risasi moja. Zilikuwa zimezibwa mitutu, haziwezi kulia tena. Raha yake ilikuwa kuzitambua: lenzi jichoni, daftari pajani, akisoma mihuri na namba mpaka ajue kila moja ilitoka kiwanda gani.

Katikati ya miaka ya tisini, nikiwa na miaka kumi, Babu alikuja kututembelea kutoka Tanga. Ujanani alipigana Burma katika jeshi la Mwingereza. Bwana Arthur aliposikia hivyo akatukaribisha chai. Babu hakujua Kiingereza, kwa hiyo mimi, mtoto wa London, ndiye niliyekuwa mkalimani. Nikajiona mtu kwelikweli.

Babu alishika bunduki moja, akavuta komeo, na mikono yake iliyozoea kutetemeka ikatulia tuli. Bwana Arthur akamwonyesha mikato mitatu na kiduara kwenye mti wa kitako, akauliza kama ni uharibifu tu.

Babu akaipapasa, machozi yakamlengalenga. "Mwambie hiyo ni alama ya mtu. Wengi wetu hatukujua kusoma namba, basi kila askari alichonga yake asije akabeba bunduki ya mwenziwe. Huyu ni mwenzetu. Asiiguse."

Nikaona haya. Darasani mimi ndiye niliyesifiwa kwa kusoma. Leo nimwambie mzungu kwamba babu yangu hakujua hata namba? Nikasema kwa Kiingereza, "Anasema hajui." Kisha nikachukua biskuti nyingine.

Jumapili iliyofuata tulirudi. Bwana Arthur alimpokea Babu kwa bashasha, akamkabidhi bunduki ileile. Alikuwa ameipiga msasa na kuipaka mafuta kwa heshima ya mgeni wake, kitako kinang'aa. Babu akapitisha kidole gumba pale palipokuwa na alama, akarudia, akarudia tena.

"Ulimwambia nilivyosema?"

"Nilimwambia, Babu."

Akaiweka chini taratibu, akaomba koti lake. Hakukanyaga tena kwa Bwana Arthur. Yule mzee wa watu kila tulipokutana kituo cha basi aliniuliza, amemkosea nini babu yangu? Nilimjibu ni baridi tu inamzuia kutoka.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na wallahi walinisema mimi. Nilidhani nimemsitiri Babu. Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba yeye hakuwa na aibu yoyote, aibu ilikuwa yangu peke yangu. Amezikwa Tanga akiamini kwamba Bwana Arthur alisikia kila neno, kisha akachukua msasa.