Msemaji Niliyempeleka kwa Mkurugenzi

Diploma yangu ya ufundi wa sauti imetundikwa ukutani ofisini kwangu hapa Bujumbura, mahali ambapo mgeni hawezi kukaa bila kuiona. Haikuwekwa hapo kwa bahati. Niliisomea kwa Kiswidi, lugha niliyoianza nikiwa na miaka ishirini na sita, asubuhi nikipiga deki madarasa ya shule na mchana nikikaa kwenye darasa langu mwenyewe, na alama nilizopata wapo Waswidi wa darasa letu ambao hawakuzipata. Hakuna mjomba aliyenipigia simu mahali. Hakuna padri aliyeniandikia barua. Nayasema mapema ili msomaji ajue anasimuliwa na nani.

Diploma hiyo ndiyo iliyonifikisha kwenye kituo cha sanaa za picha na sauti ninachotaka kukisimulia. Kilikuwa Stockholm, upande wa kusini wa mji, ndani ya jengo lililowahi kuwa kiwanda cha mikate, lakini lugha yake ilikuwa Kifaransa. Wasanii wa video na wa redio kutoka Ubelgiji, Kanada, Senegali na Kongo walikuja kukaa miezi kadhaa, wakatengeneza kazi, wakaionyesha. Ukivuka mlango, Kiswidi ulikiacha nje pamoja na viatu vyenye theluji. Mimi Kifaransa nilikisoma Bujumbura kabla vita havijatukimbiza, Kiswahili nikakikomaza kambini Kigoma, Kiswidi nikakipata kwa jasho. Walikuwa wanatafuta fundi wa sauti anayeweza kuongea na wasanii na pia na mafundi wa umeme wa mtaani. Wangempata wapi mwingine?

Kituo kiliongozwa na watu wawili. Mkurugenzi alikuwa mama wa Kibelgiji wa miaka hamsini na kitu, mrefu, nywele fupi zenye mvi, aliyefika Uswidi kwa ajili ya mume na kubaki kwa ajili ya kazi baada ya mume kuondoka. Alitaka wote tumwite kwa jina lake la kwanza. Nilijaribu wiki moja, ulimi ukakataa, nikarudi kwenye “Madame”. Wa pili alikuwa mkuu wa maonyesho, Mkongo wa Lubumbashi, aliyevaa koti lililopigwa pasi hata siku ya kubeba makabati. Mbele za watu aliongea nami Kifaransa tu. Kiswahili chake cha kwao alikitoa tukiwa wawili kwenye ngazi, akivuta sigara.

Mkurugenzi alikuwa ameshika desturi moja ya Waswidi kuliko Waswidi wenyewe. Kila Jumanne tulikaa watu wanane kuzunguka meza ndefu, na kila jambo lilipita kwa kila mtu, mmoja baada ya mwingine, kahawa ikiwa mbele yetu. Hakuna aliyekatiza mwenzake. Mwishoni aliuliza, “Kuna anayepinga?” Akangoja. Akauliza tena. Akangoja. Mara ya tatu, kama kimya kimeendelea, aliandika uamuzi kwenye muhtasari wa kikao, na muhtasari ule ulikuwa kama sheria.

Mwaka wangu wa tatu pale waliniruhusu kuonyesha kazi yangu mwenyewe, si kufunga nyaya za kazi za wengine. Nilikuwa naishi Hagsätra, mwisho wa reli, katika jengo lenye chumba cha kufulia chini ya ardhi. Kila nyumba ilikuwa na kikufuli chake chenye namba, ukikichomeka ubaoni kwenye saa uliyoitaka, saa hiyo ni yako na mashine ni zako. Akina mama wa Kirundi, wa Kinyarwanda, wa Kikongo na Mkenya mmoja walikuwa wamejipangia saa zinazofuatana ili wakutane. Pale chini Kiswahili kilikuwa ndicho kiti cha wote. Waliongea wakikunja mashuka wawili wawili, watoto wakashuka kuuliza kitu, mama akasema kwa Kiswahili, mtoto akajibu kwa Kiswidi, na shuka likaendelea kukunjwa. Niliwaomba ruhusa, nikaweka maikrofoni, nikarekodi kwa miezi minne. Mpango wangu ulikuwa kutundika mashuka kwenye kamba ukumbini, nyuma ya kila shuka spika, na mgeni apite katikati akisikiliza.

Jumanne moja, wiki tatu kabla ya ufunguzi, kazi yangu ilifika mezani. Mkurugenzi alisikiliza dakika kumi, akasema ni nzuri. Halafu mkuu wa maonyesho akasema, kwa Kifaransa chake kisafi, kwamba wageni wetu hawajui Kiswahili wala hawakuja kusikia Kiswidi. Akapendekeza tumwite mwigizaji wa kike kutoka Paris asome tafsiri ya Kifaransa juu ya sauti za akina mama, na sauti zenyewe zishushwe, zisikike kwa mbali kama mvua nje ya dirisha. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mzunguko ukanifikia. Nikasema nashukuru kwa maoni.

“Kuna anayepinga?” Madame akauliza.

Sikupinga. Uamuzi sikuutaka, lakini mimi nililelewa nyumba ambayo mkubwa hapingwi mbele ya watu. Unanyamaza, na kimya chako kinasema. Mkubwa mwenye akili anakisikia, na baadaye unamwendea kwake, kwa heshima, mnayamaliza. Akauliza mara ya pili na ya tatu. Nikatazama kikombe.

Alhamisi muhtasari ulikuja. Uliandikwa: sauti zitafunikwa kwa Kifaransa, uamuzi wa kauli moja.

Kauli moja! Na mimi nikiwamo. Kama ule mpango ungepita, akina mama wa Hagsätra wangekuja kujisikia wananong’ona nyuma ya mwanamke wa Paris. Nilikuwa nimewaahidi kwa mdomo wangu kwamba watasikika. Basi nikafanya kile ambacho mtu mwenye malezi hufanya. Nikatafuta msemaji.

Kanisani kwetu kulikuwa na mzee, mwalimu wa zamani kutoka Ngozi, kaskazini mwa Burundi, mkazi wa Hässelby, aliyekuwa akifanya kazi ya kusafisha mabasi. Hakuna posa ya Kirundi iliyofanyika Stockholm bila yeye kuwa msemaji wa upande mmoja. Nilimweleza. Akauliza swali moja tu: “Huyo mama ana wazazi?”

“Sijui, mzee.”

“Unafanya kazi kwa mtu miaka mitatu hujui kama ana wazazi. Ndiyo maana hamwelewani.”

Jumamosi mchana tukapanda treni kwenda Spånga, alikokuwa anaishi Madame. Mzee alivaa suti ya kijivu, ameshika mkoba wake wa ngozi wenye Biblia na chupa ya chai. Mimi nilibeba katoni ya soda za machungwa, si bia, maana mzee ni mlokole na mkono mtupu haufai. Hatukupiga simu kwanza. Kwetu kupiga simu ni kumlazimisha mtu apike.

Madame alifungua mlango akiwa na glavu za bustani. Akanitazama, akamtazama mzee, suti, mkoba. Uso ukabadilika. Akatukaribisha sebuleni kwa sauti ya ofisini, akatoka kwenda jikoni, tukamsikia akiongea na simu. Akarudi na karatasi na kalamu.

“Mwenzangu anakuja,” akasema. “Ni haki yetu kuwa wawili pia.”

Mzee akaona hilo ni jambo jema kabisa. Mwenye nyumba anaita wa kwake, ndivyo inavyotakiwa. Akasimama, akafunga kifungo cha koti, akaanza kwa Kifaransa cha shule za zamani. Akaisifu nyumba. Akasifu maua. Akauliza hali ya wazazi wake, akaambiwa mama yupo Liège na baba alifariki, akampa pole, akainamisha kichwa kwa ajili ya marehemu. Akasema tumetoka mbali, baridi ilikuwa njiani lakini haikutuzuia. Madame alikuwa anaandika yote.

“Samahani,” akasema mwishowe. “Unawakilisha chama gani?”

“Chama?”

“Chama cha wafanyakazi.”

Mzee akafikiri. “Ninawakilisha familia yake.”

Akaandika: familia.

Hapo ndipo nilipoelewa. Uswidi, mfanyakazi akija kwa mkubwa wake na mtu wa pili mwenye mkoba, ni mgogoro. Alikuwa anadhani nimemletea mtu wa chama aje kumshitaki. Nilitaka kusema, lakini msemaji anapoongea mwenye shida hukaa kimya. Na mzee alikuwa bado anaeleza habari za mvua za masika kule kwetu.

Mkuu wa maonyesho akaingia akiwa na koti lake. Akaona suti, akaona katoni ya soda katikati ya zulia, akashika kiuno akacheka hadi akakaa.

“Eh, Mungu wangu! Dogo, umekuja kuposa?” akaniuliza kwa Kiswahili, mara ya kwanza mbele ya mkurugenzi. Kisha akamgeukia kwa Kifaransa: “Madame, weka kalamu chini. Hawa wamekuja kukusalimu. Ana jambo, na huyu mzee ndiye mdomo wake.”

Madame akaweka kalamu, ila hakucheka. “Jambo gani?”

Mzee akalisema sasa, kwa sentensi tatu safi ambazo sijawahi kuzisahau: kwamba mtoto wao hakukubaliana na uamuzi wa Jumanne, kwamba aliwapa akina mama neno lake, na kwamba anaomba sauti zao zisifunikwe.

“Lakini niliuliza mara tatu!” Madame akanigeukia, na sasa alikuwa na hasira ya kweli. “Mara tatu! Kwa nini hukusema?”

“Nilikuheshimu.”

“Mimi nilidhani umekubali. Umeniacha niandike uongo.”

Neno hilo liliniingia. Sikuwa nimeliona kwa upande wake. Nikamtazama mkuu wa maonyesho, nikamwambia kwa Kiswahili, “Kaka, wewe ulijua.”

“Nilijua, ndiyo. Nilikuona unaangalia kikombe.”

“Na ulinyamaza?”

“Miye nimetumia miaka kumi hapa kuwafanya watu hawa waache kuona kazi zetu ni ngoma za watalii. Nilitaka sauti zako zivae suti. Kama hauzitaki na suti, sema mwenyewe. Ulisoma kunishinda, ao si vile unasemaka?”

Mzee akakohoa. “Sasa tunywe,” akasema. “Kwetu hatutoki nyumba ya mtu na koo kavu.” Tukanywa soda za machungwa, watu wanne, saa tisa mchana. Madame alimaliza chupa yake. Mlangoni akaniambia, “Muhtasari hubadilishwa mezani tu. Jumanne utasema wewe. Si mzee.” Akampa mzee mkono. “Na wewe, bwana, karibu ufunguzi. Vyovyote utakavyokuwa.”

Nimefanya mambo magumu maishani na sioni haya kuyataja. Nimevuka mto Malagarasi kwa miguu nikiwa na mdogo wangu mgongoni. Nimefanya mtihani wa sauti kwa Kiswidi mbele ya maprofesa watatu. Lakini Jumanne ile, mzunguko uliponifikia, ilikuwa ngumu kuliko siku zote hizo.

“Ninapinga uamuzi wa wiki iliyopita,” nikasema.

Dari halikuanguka. Madame akasema, “Asante. Eleza.” Kisha akanibana kweli, hakunipa zawadi: wageni wataelewa nini? Watasikia kelele tu, wataondoka baada ya dakika mbili.

“Nipe dakika hizo mbili,” nikasema, nikawasha spika niliyokuwa nimeificha chini ya meza.

Ikatoka sauti ya mama mmoja: “Shika huku. Vuta. Vuta, mama, si hivyo. Sasa njoo kwangu.” Shuka likapigwa hewani, pa! Mtoto akauliza kitu kwa Kiswidi, mama akacheka, shuka likapigwa tena.

Msichana wa mapokezi, Mfaransa asiyejua hata “jambo”, akasema polepole, “Wanakunja shuka.”

“Na tafsiri?” akauliza mkuu wa maonyesho. Alikuwa hajakata tamaa.

“Kwenye karatasi ndogo, Kifaransa, tunazibana kwa vibanio vya nguo juu ya kamba. Anayetaka kusoma asome. Anayetaka kusikia asikie.”

Akanyoosha kola ya koti lake. “Vibanio vya mbao,” akasema. “Si vya plastiki.” Nikajua nimeshinda, maana kwake huko ndiko kukubali.

Siku ya ufunguzi akina mama walikuja kutoka Hagsätra kwa vitenge na makoti ya baridi juu yake. Mmoja alisimama mbele ya shuka akasema kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima, “Ndiyo miye huyo! Kumbe nina sauti nzuri hivi na mume wangu hajawahi kuniambia!” Binti yake akamwomba kwa Kiswidi anyamaze. Hakunyamaza. Wageni wa Kifaransa walikaa muda mrefu kuliko kwenye kazi yoyote niliyowahi kuwafungia nyaya wasanii wengine, na hilo naliandika kwa sababu ni kweli. Mzee alikuwapo na suti yake, na Madame alimpitisha kwa kila mgeni akimtambulisha kwa uso mkavu kabisa: “Bwana huyu ni wa familia.”

Nilirudi nyumbani miaka michache baadaye, nikafungua studio yangu mwenyewe. Diploma nimesema iko wapi. Kando yake, kwenye fremu ya ukubwa uleule, kuna ukurasa mmoja wa muhtasari wa kikao cha Jumanne ile, wenye saini ya mkurugenzi. Mstari wa nne unasema: fundi wa sauti alipinga. Vijana ninaowaajiri hudhani nitaanza na diploma siku ya kwanza. Ninawapa ukurasa huo wausome kwanza, kwa sauti, kisha ndiyo nawaonyesha diploma.