Radhi Baada ya Ukurasa wa 210

Saa mbili asubuhi mlango wa maktaba unafunguliwa, na kabla vumbi la ufagio halijatulia, kijana mwenye simu sikioni anatupa vitabu viwili juu ya meza ya kuazimishia. "We mama, gonga mhuri fasta, nina haraka," anasema, kisha anaendelea na simu yake.

Mwanamke aliye nyuma ya meza anapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa kitabu cha kwanza, kurasa zinamwagika kama karata, naye anasikiliza. Cha pili vivyo hivyo. Anachomoa kadi kwenye mfuko wa jalada la nyuma, anaandika kwa penseli neno moja, "Kamili", na ndipo anapogonga mhuri wa tarehe.

Wenzake humwita Mama Mhuri. Ana miaka ishirini na miwili kwenye meza hiyo, na hudai kwamba karatasi ikipungua yeye huisikia kabla ya kuiona. Alipojaribiwa kwa vitabu vitano, kimoja kikiwa na pengo, alikitaja bila kukifungua.

Ustadi huo ndio uliomponza.

Wiki mbili zilizopita mkandarasi wa majengo alirudisha kitabu cha sheria za ardhi. Kidole kilisita katikati: baada ya ukurasa wa 210 ulifuata wa 219. Karatasi nne zilikuwa zimekatwa kwa wembe, kwa unadhifu wa mtu asiye na haraka. Kadi ilionyesha kuwa kitabu kilitoka kikiwa kamili. Alimweleza kwa sauti ya chini, kama kanuni zinavyotaka.

Mkandarasi alimwita mwongo, kisha panya wa makaratasi, kisha akapaza sauti ukumbi mzima usikie: "Mimi ni mteja hapa. Wewe kazi yako kufuta meza."

Neno hilo, mteja, lina historia fupi. Miaka mitatu iliyopita bango la "Wasomaji" liliondolewa ukutani, likawekwa la "Wateja Wetu", kwa hekima iliyopatikana katika semina ya siku moja. Mama Mhuri hajalisamehe. "Msomaji alikuja kuazima akili, akawa na adabu ya mwazimaji," anasema. "Mteja ninayemjua mimi ni yule wa kwenye simu. Yule walau hapatikani."

Mtumishi akitukanwa hutakiwa kuandika kwenye daftari la matukio. Mwaka huu yameandikwa arobaini na moja: kurushiwa kadi usoni, kutemewa mate, kuitwa majina ambayo gazeti hili halitayachapisha. Safu ya "Hatua iliyochukuliwa" ni nyeupe kuanzia juu hadi chini. Malalamiko ya mkandarasi yalijibiwa siku hiyo hiyo.

Mkuu wa maktaba alimweleza Mama Mhuri kwamba penseli hufutika, hivyo kadi si ushahidi. Akampa hadi Ijumaa alete barua ya kuomba radhi. Asipoileta, atahamishiwa stoo ya majarida ya zamani, mahali asikoingia msomaji.

Nyumbani, mdogo wake amemsihi. "Dada, andika tu yaishe. Radhi haimtoi mtu damu."

"Radhi haina neno, mdogo wangu. Tatizo ni anwani."

Maana Jumatatu alikuja mjane anayegombania kiwanja na mtu anayejenga juu yake bila idhini. Alikuwa ameandika kiganjani namba ya ukurasa: 214. Mama Mhuri alimfungulia kitabu, akamwonyesha pengo. Mjane hakutukana. Alishukuru, akaondoka. "Huyo ndiye aliyeniliza," anasema. "Yule mwingine amenipandisha hasira, na bado haijashuka."

Kwa nini mkandarasi azihitaji kurasa hizo peke yake? Alipopigiwa simu mara tatu, mteja huyo hakupatikana.

Barua iko tayari. Amri ilitaja barua, ikataja radhi, haikumtaja anayeombwa. Ijumaa mkuu atapewa nakala. Yenyewe itabandikwa kwa gundi baada ya ukurasa wa 210:

"Ndugu msomaji, naomba radhi. Hapa palikuwa na karatasi nne. Kitabu kilitoka mikononi mwangu kikiwa kamili tarehe tatu, kikarudi hivi tarehe kumi na saba. Ukihitaji yaliyokuwemo, niulize, nitayatafuta kwingine. Usiponikuta mezani, niulizie stoo."

Safari hii ameandika kwa wino.