Ukurasa Ambao Bibi Hakutaka Kuusikia

Juzi nilinunua kitabu cha mtumba sokoni Mpanda, na nilipokifungua tu, harufu ya tumbaku kavu ikanipanda puani. Bila shaka kililala miaka mingi ghalani pamoja na marobota ya tumbaku. Jamani, nilikishika kwa mikono miwili. Ndicho chenyewe: kitabu cha tatu cha hadithi za Nchi ya Mtungini, nilichokitafuta tangu utoto wangu kule Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi kutoka Burundi, miaka ya tisini.

Tunu, mtoto wa hadithi hizo, aliinama achote maji mtungini, akatumbukia katika nchi ya mito inayopanda milima na mbuzi wanaobishana. Vitabu viwili vya kwanza tulivimaliza darasani. Cha tatu ndicho cha kurudi kwao, na mwalimu wetu aliniazima kwa sharti moja: nikirudishe kabla hajahamia Karema.

Nilimsomea Bibi jioni, tukichambua maharage uani, nikigeuza Kiswahili kuwa Kirundi kadiri nilivyoweza. Katika Kirundi chetu, neno gusoma ni kusoma kitabu, na pia ni kupiga funda la kinywaji. Bibi alinikomalia kwa neno hilo.

"Mwana wanje, kusoma si kugugumia," alisema. "Piga funda, umpe mwenzio."

Basi kila jioni funda moja, kisha kitabu kinafungwa. Wahenga wanasema mvumilivu hula mbivu. Mimi nilizitaka hata mbichi.

Siku hizo watu wazima walizungumza sana habari za kurudi Burundi, walikokimbia mauaji kabla sijazaliwa. Baba mdogo alikuwa ameshafunga mizigo, akimbembeleza Bibi waondoke pamoja. Bibi alizidi kuchambua maharage. Aliniuliza mimi tu, kila jioni: "Tunu amefika kwao?"

"Bado, Bibi."

"Haya, soma."

Siku ya mwisho tulifika pale Tunu anapokanyaga njia ya kwao na kuliona paa la nyumba yao. Ulibaki ukurasa mmoja. Nikalowesha kidole nigeuze. Bibi akaweka kiganja chake, chenye vumbi la maharage, juu ya kitabu.

"Imetosha. Tukirudishe."

"Lakini Bibi, hajaingia ndani!"

"Nimesema imetosha."

Alikibeba mwenyewe hadi kwa mwalimu, mimi nyuma nalia. Sijawahi kumkasirikia mtu namna ile. Asubuhi yake alichukua jembe, akaanza matuta mapya ya mihogo, na baba mdogo akaondoka peke yake. Nami nikaapa kwamba ukurasa ule nitausoma, hata nikiwa kikongwe.

Nimeusoma. Mlango uko wazi, mama yake Tunu anapika. Anageuka, anamwita mwanawe kwa jina. Basi, hakuna zaidi.

Nilikaa nacho mapajani, nikalia tena, safari hii si kwa hasira. Nilikuwa nimeshaambiwa na baba, nikiwa mtu mzima, kwamba wote ambao wangemwita Bibi kwa jina walikufa siku ile aliyokimbia. Sikuwahi kuliunganisha jambo hilo na kiganja chake.

Jana nilimsomea binti yangu. Tulipofika ukurasa wa mwisho aliugeuza mwenyewe, bila wasiwasi. Kwao ni Katumba, na aliyemchagulia ni Bibi, kwa jembe la asubuhi ile.