Mita Niliyoifunga Mimi Ilivyomvunja Mtu Mkono

Mhariri, jina langu lifiche, maana nikijulikana mabinti wa Maryland nzima watalia. Wasomaji, mbele yenu ni kijana wa miaka ishirini na mbili, mzaliwa wa Tanga, mkazi wa Temple Hills huku Marekani, ambaye hajapigwa na mwanamume yeyote tangu ameota meno. Shule niliiacha kidato cha pili. Walimu walichoka kushindwa na mimi. Leo nafunga mita za maji majumbani. Nyie wenye digrii, kila mkinawa mikono, maji yamepita kwenye kazi yangu kwanza. Nichukieni polepole.

Naishi kwa mjomba wangu, dereva wa ubalozi, mtu wa swala tano na wageni wasioisha. Besimenti, kile chumba cha chini ya nyumba, alimpangisha Mkenya, nitamwita Mutua, mtu wa makamo, mpole, anayehudumia wagonjwa majumbani kule Bowie. Sharti la mjomba lilikuwa moja: chini alale mtu mmoja. Pasiwe na maneno, nikajitolea kufunga mita mbili, ya juu na ya chini, kila mtu ayajue maji yake. Mjomba alinisifu mbele za watu mpaka nikavimba.

Sasa mita ina adabu zake. Bosi wangu, Msalvador asiyejua kucheka, kanifundisha kwa makofi ya kisogo. Ukikata bomba, acha maji yatoke mpaka mchanga uishe. Mshale wa mita ufuate maji yanakoelekea. Ukimaliza, jaza ndoo unayojua kipimo chake, uone kama mita na ndoo wanasema neno moja. Na penye mita mbili, fungulia koki zote za juu, halafu kaa chini uitazame mita ya chini. Ikicheza, umeunga bomba pasipo pake. Mchanga nilitoa, mshale niliuweka, ndoo nilijaza. Hilo la mwisho nililiruka. Niliona ni la mafundi wasiojiamini.

Haukupita muda mjomba akashuka Mutua akiwa kazini, akakuta mita ya chini inazunguka kama feni. Kagonga mlango, kimya. Basi akaamua Mutua kaficha watu. Msimshangae. Huku nani hajaficha mtu? Mimi mwenyewe nilipotoka uwanja wa ndege nilifichwa Columbia Heights, kule Washington, tuko sita chumba kimoja, mwenye nyumba akipita tunameza kikohozi. Kwa hiyo tukaanza kuwaona: mke, shemeji, watoto wanaoga kwa zamu. Mutua aliapa yuko peke yake. Mjomba akamwambia mita haina ukoo na mtu, haiwezi kusema uongo, tena imefungwa na mpwa wake. Mimi nikachekelea.

Jumamosi moja wageni walikuja kuswali adhuhuri. Wakiwa wanatawadha juu, mjomba akachungulia chini. Inazunguka. Baada ya swala akanitazama tu, nami nikachukua spana ya mabomba, ile ndefu, nikatangulia ngazi, wageni nyuma yangu kama tunasindikiza bwana harusi.

Mutua alitoka na fulana, macho mekundu, katoka shifti ya usiku. Akaurudisha mlango nyuma yake. Mjomba akamwambia awatoe watu wake.

"Mzee, hiyo maji si yangu," alisema. "Nakuheshimu. Usinifanyie hivi mbele ya watu."

Nikamsukuma kifuani. Akanirudishia msukumo mmoja, nikaenda kukaa kwenye ngazi kama mzigo. Mgeni mmoja akacheka, na wengine wakadakia. Niliinuka nikampiga kichwa cha pua. Damu ikamwagika kwenye fulana. Akanishika koo, akanibandika ukutani, na mtu anayenyanyua wagonjwa kutwa ana mikono, nawaambia. Nilimpiga magoti, nikamng'ata bega, nikasikia ladha ya chumvi. Halafu spana ikashuka kwenye mkono wake wa kulia. Ulilia kama muwa unaovunjwa. Akapiga magoti, akaushika kwa ule mwingine, akawa anatapika.

Hospitali alisema kateleza kwenye ngazi. Hakututaja. Jioni ile ile mjomba akamtolea mabegi nje, na mpaka leo kila mgeni anayeingia anasimuliwa jinsi tulivyomfukuza mwongo. Sasa hakuna wa kwetu anayemkodishia chumba. Kajibanza kwa watu Columbia Heights, mkono kwenye plasta, na mgonjwa wake wa Bowie kapewa mtu mwingine.

Juzi mjomba aliniagiza nifunge koki ya besimenti, si hamna mtu? Nikaifunga. Anti, mkewe, akapiga kelele kutoka bafu la juu: maji yamekatika, sabuni iko machoni. Nikaifungua, yakarudi. Nikaifunga, akanitukana. Nilikaa chini mbele ya ile mita. Bafu la juu lote lilikuwa linapita humo. Kila tone la kuoga kwa Anti, kila udhu wa wale wageni, alibebeshwa Mutua. Anti nilimwambia kuna matengenezo barabarani.

Nikimwambia mjomba, atavuliwa nguo mbele ya watu wake na mimi nitalala nje. Nikimwendea Mutua, ana haki ya kuita polisi, na karatasi zangu za kuishi huku hazijakaa sawa. Nikinyamaza, jina lake linaoza. Niambieni, nianzie kwa nani?

Ila msiniambie ni mkosi wa mita. Nimewaandikia kwamba alinikaba. Alinikaba, kweli, lakini spana iliposhuka alikuwa ameshaniachia. Aliniachia, akausukuma mlango ukawa wazi, akasema, "Ingia uone mwenyewe, kijana."

Nikaona. Kitanda kimoja, sahani moja, jozi moja ya viatu. Nyuma yangu walikuwa bado wanacheka.

Nilimpiga baada ya kuona.