Nusu Saa ya Kuwa Mwenye Nyumba

Dola mia tatu sabini na sita. Nilihesabu mezani nikiwa na jasho, nikahesabu tena nyumbani nikiwa na chai, na haikupungua hata moja. Sokoni kwetu hizo ni mbuzi watano waliosimama kwa miguu yao wenyewe, na dola moja ya kununulia kamba. Sisi tulizila mchana mmoja, watu watano, na jioni kila mmoja akatafuta chakula tena.

Mimi nauza vipuri vya pikipiki. Katika ukoo wetu, mahali popote penye bei natumwa mimi. Kaka yangu alipofariki, kijana wake akawa wangu, na siku kijana aliposema amepata mchumba, watu wote sebuleni waligeuka wakanitazama mimi, hakuna aliyemtazama yeye.

Binti mwenyewe hana kasoro, ni muuguzi, ana adabu, anajua kuhesabu. Shida ilikuwa baba yake. Yule muzee anaishi Uingereza miaka mingi, na likizo yake ya mwisho kuja huku ilikuwa miaka minne nyuma. Safari hii alikuja kwa siku chache, akalala hoteli ya Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, ndege yake ya Kigali ikiwa Jumatatu. Siku yake ya bure ilikuwa moja, Jumamosi. Tusipozungumza mahari Jumamosi hiyo, tungoje likizo nyingine. Na kijana wetu ana miaka thelathini na minne. Amekwisha kununua kitanda na friji, na friji limeanza kupata kutu kabla halijapoza hata maji.

Nilimpigia muzee simu, nikamwambia tutamfuata kwa dada yake, Ndosho, hapa Goma, anapokaa binti. Akasema chumba cha dada yake ni kidogo, tukutane kwa ule Mwingereza mwenye mgahawa, kando ya ziwa, kule watu wanakula vizuri. Nilipaswa kukataa hapo hapo. Mtu akikutajia mahali kabla hujamtajia bei, umeshapoteza nusu.

Ile nyumba ilijengwa na mkoloni mmoja wa kahawa, ya mawe meusi, madirisha yake marefu kupita mlango wa duka langu, ngazi za mbao zinazolia ukizikanyaga. Lava ya volkano imeshuka mjini mara mbili na haikuifikia. Nadhani iliuliza bei kwanza, ikaghairi. Mwingereza aliyeikodi ametundika ukutani picha za farasi na mbwa wa kuwinda, zaidi ya ishirini, na hakuna hata moja ya mtu anayecheka. Siku ile mwenyewe alikuwa kwao. Alikuwa amemwachia gérant, msimamizi wake, kijana wa hapa hapa mwenye kizibao cheusi, anayezungumza polepole kama kuna mgonjwa juu.

Upande wetu tulikuwa watatu: mimi, kijana, na mama yake, yaani shemeji yangu. Upande wao muzee na dada yake, shangazi wa binti. Binti hakuja, ndiyo desturi. Tulikuwa na makasha mawili ya bia ndani ya gari, maana anayekwenda kuomba haendi mikono mitupu, lakini mlinzi wa getini alisema kinywaji cha nje hakiingii. Makasha yakabaki kwake, na mimi nikahesabu chupa mbele yake, mara mbili, ili tuelewane.

Sasa, sisi wa Butembo na wao wa Rutshuru tunatofautiana mengi. Sisi mahari tunahesabu kwa mbuzi, wao kwa ng'ombe. Lakini jambo moja tunalingana: aliyekuja kuomba binti hafungui kinywa mpaka mwenye nyumba amkaribishe, ampe kiti, amuulize habari iliyomleta. Bila swali hilo unaweza kukaa mpaka uote mizizi, wewe ni mpita njia tu.

Tuliketi. Aliyetukaribisha ni gérant. Aliyetupa viti ni gérant. Akatuuliza tungependa nini, na hilo swali lilikaribia sana, lakini halikuwa lenyewe, wala yeye hakuwa na binti.

Kikaja chakula cha kwanza. Sahani kubwa kama tairi, na katikati sambaza, vile vidagaa vya ziwani, wamepangwa kama wanajeshi, na tone la kitu cheupe pembeni. Niliwahesabu: saba. Nikawahesabu tena, labda mmoja alikuwa chini ya mwenzake: saba. Soko la Kituku kwa dola mbili unabeba sambaza mpaka mfuko unapasuka. Shemeji aliuliza kama hawa ni wa kuonja na wengine wako njiani. Gérant akamjibu kwa heshima kwamba ndio hao.

Nikakohoa. Muzee akanipitishia maji. Akaanza kutueleza namna Waingereza wanavyokula Jumapili, nyama gani kabla ya nini, kisu mkono gani. Alieleza vizuri, sikatai. Kijana alitikisa kichwa kwa kila neno kama mwanafunzi mbele ya mtihani. Mimi nilingoja amalize, avute pumzi, atuulize. Alimaliza, akavuta pumzi, akaita chumvi.

Kikaja cha pili: vipande vitatu vya nyama ya ng'ombe, vyembamba hata ungeweza kuona farasi wa ukutani kupitia kwavyo, viazi viwili, na mkate uliofura, ukiubonyeza ndani hamna kitu. Shemeji aliubonyeza, akaomba bugali. Hakukuwa na bugali. Akaomba pilipili, wakamletea mutarde, ile haradali ya Wazungu.

Hapo nikaamua kusukuma kidogo, kwa adabu. Niliweka uma chini, nikasema:

"Muzee, siye tumekuya."

Akanitazama, naye akaweka uma chini.

"Na miye nimekuya."

Shangazi alicheka mpaka akafunika uso kwa kitambaa. Sisi hatukucheka. Kijana alinikanyaga mguu chini ya meza, tena ule wenye kidole kibaya. Nilielewa sasa tulipokwama. Muzee hakuwa anajivuna wala hakuwa amesahau desturi. Alikuwa anaifuata vizuri kupita sisi: naye alijiona mgeni pale, na mgeni haulizi mgeni mwenzake habari iliyomleta. Tungeweza kula mpaka yule Mwingereza arudi kutoka likizo.

Shangazi, alipopata pumzi, alimwambia kaka yake mbele yetu sote, "Nilikuambia. Kwangu kuko kitanda kimoja, lakini ni kwangu. Wewe umetafuta nyumba ya mafarasi." Muzee akanyanyuka, akatoka barazani.

Nilimfuata. Alikuwa ameshika ukuta wa mawe, macho si ziwani bali upande wa mjini. Nilijiandaa kumpigia hesabu ya siku, ndege, friji. Alinitangulia.

"Pale Murara nilikuwa na parsele na nyumba," akasema. "Moto ya mulima ikaifunika, watu wakajenga juu. Juzi nimeenda kuangalia. Pale kulikuwa salon yangu ya kupokelea wageni, mutu anauza mkaa."

Nikamwambia pole.

"Nikawaza nitafute nyumba kubwa, ndugu ya bwana yake wasiseme huyu mutoto hana kwao. Lakini pale tu ku mulango, ule kijana wa kizibao akaniambia karibu. Anakaribisha miye. Ku Goma."

Alijaribu kucheka na ilishindikana. Mimi nilikuwa nimekuja na hasira yangu nzuri, imepikwa tangu wale sambaza saba, na sikuwa na mahali pa kuiweka. Nikaipeleka kwa gérant.

Nilimkuta mezani pake chini ya ngazi. Nilimwambia nataka kukodi nyumba. Akafungua daftari la siku za kukodi. Nikamwambia funga, nataka nusu saa, sasa hivi, na sitaki nyumba nzima: nataka ile sebule ya mbele na mlango mkubwa. Na katika nusu saa hiyo yule muzee wa barazani ndiye mwenye nyumba. Gérant mwenyewe na watu wake wote wasimwambie mtu karibu.

"Papa," akasema polepole, "huku hatufanyaka hivyo."

"Mumewahi kuombwa?"

Akafikiri. Akataja dola mia na hamsini. Mimi nikataja ishirini, nikageuka kuondoka, ule mwendo wa polepole wa kumpa mwuzaji nafasi ya kukuita. Hakuniita. Nilifika karibu na mlango wa choo, hakuniita. Nikarudi mwenyewe, jambo ambalo washindani wangu sokoni naomba wasilisikie. Tulikubaliana sitini, na bia yetu iingie bila malipo, na ile saa kubwa ya ukutani isiwe ndiyo ya kupimia kwa sababu niliona inakimbia. Aliuliza kama ni sinema. Nilimwambia ni ndoa, na kwamba hata kama si sinema, asimame mbali.

Kisha nikamweleza muzee. Nilidhani atakasirika. Alifunga vifungo vya koti vyote vitatu, akaingia ndani, na mlango ukafungwa.

Tulitoka kwa mlango wa jikoni, tukazunguka nyumba, tukasimama kwenye kokoto mimi na shemeji na kijana, na makasha mawili, na mlinzi anatutazama kama watu waliofukuzwa. Nikagonga. Haukufunguliwa mara moja. Na hiyo ni haki yake, mwenye nyumba harukii mlango. Nikagonga tena. Muzee akafungua.

"Karibuni kwangu," akasema.

Alitushika mikono mmoja mmoja. Akamwonyesha shemeji kiti kizuri, akanionyesha mimi kile cha karibu yake, akamwambia dada yake atafute bilauri. Shangazi alikuwa anafuta macho, akasema ni ile mutarde. Muzee akaketi, akatuuliza habari za njiani, za watoto, za Butembo. Mwisho akauliza habari iliyotuleta. Jamani, nilikuwa na hotuba ndefu, nimeifanyia mazoezi dukani mbele ya mafundi, na nilitaka kuikata kwa ajili ya saa. Sikuikata. Niliitoa yote.

Aliomba ng'ombe kumi. Nilimwambia kumi tutawachungia wapi, juu ya lava? Nikataja mbuzi kumi na wawili. Shangazi akauliza kama tumekuja kuoa binti au kununua nyama choma. Shemeji akamjibu kwamba kwetu mbuzi mmoja anajua njia ya nyumbani, ng'ombe wao hupotea wakaokotwa Masisi. Ilikuwa nzuri, kelele ya kawaida ya watu wanaokaribia kuwa ndugu. Mbele ya mlango gérant alinyoosha vidole vitano vya dakika zilizobaki, kisha vitatu. Tukafunga kwa ng'ombe sita, wawili kwa pesa, na mbuzi mmoja juu kwa heshima ya shangazi. Kijana alipiga magoti kumshukuru muzee, akagonga meza, akamwaga bia ya watu wawili.

Ndipo ikaletwa faktire, hesabu ya kulipa, ndani ya kijitabu cha ngozi kana kwamba ni kitu cha siri. Chakula mia mbili ishirini na tano. Vinywaji sitini na mbili, na bia yetu wenyewe haimo. Huduma, asilimia kumi, wakaweka ishirini na tisa maana senti kwao zinapanda tu. Nyumba, sitini. Muzee akatoa kadi yake ya Uingereza. Gérant akamwambia, kwa ile sauti ya mgonjwa juu, kwamba banki za hapa zimefungwa siku nyingi na mashine ni pambo. Muzee hakuwa na pesa mkononi, na barrière, ule mpaka wa kurudi Gisenyi, ilikuwa inakaribia kufungwa. Wote watano tukatazama kijitabu. Halafu wanne wakanitazama mimi, kama ile siku ya sebuleni.

Nililipa. Noti moja ya ishirini wakaikataa kwa sababu ya mpasuko mdogo kuliko kichwa cha siafu. Nikatoa nyingine.

Arusi ni mwezi ujao. Watu wamefurahi, kanisa limetangaza, friji limepakwa rangi. Mimi ndiye nimebaki na hesabu. Zile sitini za nyumba nimezifuta mwenyewe. Nikimdai muzee, nitakuwa nimemwambia haikuwa nyumba yake, na hapo kila tulichokubaliana ndani yake kitakuwa kimezungumzwa barabarani. Hata kijana nimemkataza kuzitaja.

Zinabaki mia tatu kumi na sita, na tulikula watu watano, kila mmoja sitini na tatu na senti ishirini. Kijana anasema nikate kwenye ng'ombe, lakini ng'ombe wenyewe ninatafuta mimi. Shemeji anasema yeye alikula viazi viwili, na yule mkate hauhesabiki kwa kuwa ndani haukuwa na kitu. Shangazi ananiambia mgeni hadaiwi. Muzee alinipigia kutoka Uingereza, akanishukuru sana, akauliza kuhusu suti ya kuvaa, na mimi, mtu ninayedai hata bolti moja ya pikipiki, nilimwambia iwe nyeusi.

Basi mwenye shauri anisaidie. Nawezaje kuwadai watu wanne dola mia mbili hamsini na mbili na senti themanini, kabla ya arusi, bila kumgusa yule muzee mlangoni pake? Dukani napatikana kila siku isipokuwa Jumapili. Na kama kuna mtu atakayeipokea ile noti ya ishirini yenye mpasuko, aje mapema.