Filamu ya Mjomba Stambuli

Mzee Stambuli alikuwa fundi cherehani tajiri pale Morogoro mjini, mwenye maneno mengi kuliko vitambaa, hadi siku alipopanda mwenyewe juu ya bati kuziba tundu, kwa kuwa hakuamini kazi ya fundi mwingine yeyote. Alishuka bila ngazi. Miguu haikurudi tena kazini, lakini ulimi haukupata hata mchubuko, na wasaidizi aliowaajiri walikimbia mmoja baada ya mwingine.

Ndipo akaja Fidelis, mkulima wa ndizi kutoka Matombo kule milimani, mwanakwaya wa parokia, mabega mapana kama mlango.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umewahi kuuguza?"

"Mbuzi aliyevunjika mguu."

"Akapona?"

"Tulimla."

Waliomtangulia wote walikuwa wamemwahidi Stambuli kwamba atatembea. Akamtazama huyu, akasema, "Anza leo."

Miaka ikapita wakizozana. Fidelis alimwogesha, akamgeuza kitandani, na kila Ijumaa akamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu hadi msikitini, akamngoja nje akiimba taratibu sauti yake ya besi. Stambuli akitoka humwambia kwamba hata mashine ya kukoboa mpunga ina sauti tamu zaidi.

Mwaka jana Yasmin, mtoto wa dada yake Stambuli, aliyesomea filamu Dar, akaja kutengeneza filamu fupi juu yao. Waigizaji wakafanya mazoezi barazani, na wenyewe wawili wakawekwa pembeni watazame. Yule bosi wa kuigiza akaitazama milima ya Uluguru, akaanza kulia. Msaidizi wake akapiga magoti, akamwita ndugu yangu.

"Huyo anayelia nani?" Stambuli akauliza.

"Ni wewe, mjomba."

"Nalilia nini?"

"Milima."

"Na chai inapoa," Fidelis akasema, kwa masikitiko.

Yasmin akashusha pumzi. "Mjomba, tajiri na mkulima, Mwislamu na mwanakwaya. Nisipoonyesha machozi, nani ataamini kwamba ni marafiki?"

"Rafiki gani? Huyu nimemwajiri."

"Na mimi nimeajiriwa," Fidelis akaunga mkono. "Rafiki hawezi kunirushia kandambili."

"Nilikurushia moja tu. Na wewe ulinitupa kwenye tope, siku ya mazishi ya mama yako."

Yasmin akauliza tope gani. Wakamsimulia wakikatizana. Ilikuwa masika, mama yake Fidelis amefariki, na Stambuli akakodi gari kumfuata Matombo, ingawa alikatazwa na kila mtu. Barabara ikawa imemeguka. Wanakwaya wakateremka kutoka kijijini, Fidelis mwenyewe akiwa mbele na nguo zake za msiba, wakambeba juu kwa juu na kiti chake. Njiani waliteleza wote. Stambuli akafika kaburini amejaa tope, akiwalaumu kwamba wanabeba mtu kama wanavyoimba.

"Na alilia," Fidelis akasema.

"Vumbi liliniingia machoni."

"Mvua ilikuwa inanyesha, mzee."

Stambuli akaagiza chai nyingine. Yasmin akafuta eneo la milima, akaandika la mazishi.

Filamu ikaonyeshwa katika ukumbi mmoja mjini. Walipofika pale pa kiti kubebwa, mama mmoja, Mwajuma, aliyeketi nyuma yao, akasonya. "Hapa wametia chumvi. Bosi gani apande Matombo masika kwa mama wa mfanyakazi?"

Yasmin akakunja uso gizani. Stambuli yeye akageuza shingo taratibu. "Hata mimi siamini, mama. Mtu mwenye akili angetuma rambirambi."

"Nilimwambia hivyo hivyo," Fidelis akasema. "Hasikii huyu."

"Wewe uliniambia usije, kisha nikakukuta unatazama barabarani."

Kwenye pazia wanakwaya walikuwa wakipanda, kiti kikiyumba begani. Fidelis alinyoosha mkono, akamrekebishia mzee blanketi miguuni, akalichomeka vizuri pembeni pale baridi inapopita. Stambuli hakusema kitu mpaka filamu ilipokwisha, jambo ambalo Yasmin alikuwa hajawahi kuliona.

Mama Mwajuma aliwatazama wakitoka, mmoja akisukuma, mwingine akimkosoa anavyosukuma. Akamgusa Yasmin bega. "Hawa ndio wenyewe?"

"Ndio."

"Basi ungewaweka hawa," akasema. "Wale wa kwenye filamu wanapendana mno."