Zinki Iliyozidi

Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo mtu niliyemchukia. Alikuwa profesa wangu, msimamizi wa tasnifu yangu ya uzamili, na bila saini yake nisingehitimu. Alipenda kuamkiwa. Ukichelewa kidogo, alisimama mlangoni akikutazama mpaka useme.

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza feraiti, kauri nyeusi yenye usumaku. Nilichanganya oksidi za chuma na nikeli, nikakandamiza vidonge, nikavichoma kwenye tanuru la maabara. Katika kila kidonge kipya nilipunguza nikeli na kuweka zinki mahali pake. Zinki haina usumaku wowote. Lakini humo ndani atomi zimegawanyika kambi mbili zinazovutana kinyume, na zinki huenda kukaa kambi dhaifu, ikaidhoofisha zaidi, kambi kubwa ikatamba. Usumaku unapanda. Ukizidisha zinki, kambi ndogo inakosa hata ubavu wa kuibana ile kubwa isimame pamoja, nayo inaanza kuvurugana yenyewe kwa yenyewe. Hapo usumaku unaporomoka.

Profesa alikuwa ameshatamba kwenye makongamano kwamba zinki inapandisha usumaku tu, lakini vidonge vyangu viwili vya mwisho, vyenye zinki nyingi kuliko vyote, vilionyesha ukishuka.

"Toa hivyo vidonge viwili vya mwisho," aliniambia. "Tanuru lilikosea."

Nikatengeneza vingine, nikachoma upya. Mchoro wa vipimo vya usumaku ukashuka palepale.

"Haya. Tutaona nani atakusainia."

Nyumbani Tabata, mama alikuwa ameshagawa vitambaa vya sare ya mahafali yangu kwa mashangazi na majirani, na wengi walishashona. "Mkubalie tu, mwanangu," alisema. "Yaani vidonge viwili ndo vitutie aibu?" Nilimkasirikia hata yeye, nikala kwa shangazi siku ile.

Siku ya kutetea tasnifu nilibeba sumaku niliyoing'oa kwenye spika ya kaka yangu, spika iliyouawa na muziki wa singeli. Mbele ya jopo niliishusha juu ya kidonge chenye zinki ya wastani. Kikaruka, kikang'ang'ania. Nikaishusha juu ya kile cha mwisho, chenye zinki tele. Kikabaki mezani kimelala. Mjumbe mmoja akaomba sumaku ajaribu mwenyewe, akarudia, akamgeukia profesa. Profesa alikuwa anatazama dirishani. Nilifurahi, tena furaha ya roho mbaya, na sijaijutia.

Jopo lilinipitisha. Profesa hakusaini, na mpaka leo hajasaini. Sare zilivaliwa kwenye harusi ya binti wa jirani. Mama alivaa ya kwake akaenda, mie nikabaki nyumbani nikiosha vyombo kwa hasira.

Juzi nilikutana na profesa Mwenge, ana kwa ana, mbele ya maduka ya vinyago. Akasimama, akanitazama vilevile alivyokuwa akinitazama mlangoni. Nami nikamtazama, mdomo nimeufunga. Watu wakawa wanatupita huku na huku. Mwishowe akatikisa kichwa, akasema, "Marahaba," akaenda zake.

Sikuwa nimemwamkia.